Mgeni Ameshafika, Mbona Tumwache Aende?

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hapa kwetu Kakamega, ni wenyeji wangapi hupona mgeni anapokuja? Hebu, msomaji mpenzi, tulichunguze jambo hili.

Wafanyabiashara wengi wakiona mapato ni haba, mawazo yao hukimbilia wateja wapya. Kibao kinapakwa rangi, bei inashushwa, mbiu inapigwa hadi Mbale na Mumias. Hayo yote ni gharama. Kumbe yule aliyesimama mlangoni tayari anapewa chenji yake na kusahauliwa!

Tazama Ilesi, kando ya barabara ya Kisumu. Watu husimama pale kulitazama lile Jiwe Linalolia. Wanashangaa maji yanavyotiririka mwambani, wanapiga picha, halafu haoo, wameingia garini. Na Ilesi hiyo hiyo ina wafinyanzi hodari! Si kwamba wageni ni mabahili. Chungu kikubwa ni kizito, tena huvunjika upesi. Mtu anayerudi Nairobi kwa matatu atakipakata vipi? Kikifinyangwa cha kutoshea kiganjani, kikafungwa kwa magazeti makuukuu, kitabebeka. Na mgeni akiruhusiwa kuukanda udongo kwa mikono yake mwenyewe, atakaa saa moja zaidi. Saa moja ni chai na maandazi kwa jirani.

Sasa twende msituni. Msitu wa Kakamega ndio mabaki ya pekee nchini Kenya ya misitu ya mvua ya namna ya Kongo, na una zaidi ya aina 300 za ndege. Mgeni hufika saa sita mchana, akalipa kiingilio, akaona mbega wawili watatu, na saa tisa amekwenda zake. Lakini ndege huimba alfajiri, na macheo hupendeza yakitazamwa kutoka kilima cha Lirhanda. Mwelekezi akimweleza hayo mapema, huenda mgeni akalala. Akilala, kuna kitanda, kuna ugali kwa ingokho, na kuna matembezi ya pili ya kulipiwa. Mgeni ni yule yule mmoja!

Wako walioliona hili. Wakulima wa kikundi cha Muliru, walio kando ya msitu, hupanda mmea wa jamii ya mrehani, na kutokana na mafuta yake hutengenezwa dawa ya kupaka iitwayo Naturub, ya mafua na maumivu ya misuli. Dawa kama hiyo hutoshea mfukoni, na ikiisha mgeni ataitafuta tena hata akiwa kwao.

Ila jameni, tusichanganye kumtunza mgeni na kumkamua. Ukimuuzia ndizi kwa bei mara tatu ati kwa sababu ni mtu wa Nairobi, hutamwona tena, na atawasimulia wenzake. Mama mboga wa soko letu anaelewa zaidi: anakukatia sukumawiki, anakuongezea nyanya moja, anauliza kama mtoto amepona. Kesho utapita vibanda vitano ukimfuata yeye.

Mwaka wa 1931 dhahabu ilipogunduliwa hapa, wageni walifurika. Mgodi wa Rosterman ulifungwa mwaka wa 1952. Dhahabu iliyokwisha kuchimbwa haichimbwi mara ya pili, lakini mpenda ndege anaweza kurudi kila mwaka mradi msitu upo. Na msitu utakuwepo ikiwa jirani yake anapata karo ya watoto kutoka kwa mgeni badala ya kuitafuta katika gunia la makaa.

Wenzangu ambao wazazi wenu wana vibanda karibu na Isecheno au Buyangu, likizo ijayo chukueni daftari. Andikeni kila mgeni aliyesimama, alichonunua, na hasa alichokiuliza mkawa hamna. Muhula ukifunguliwa, leteni daftari hizo chamani tuzisome pamoja.