Koma kabla ya "ambao"

Tuchukue sentensi moja ya historia ya Tabora: "Wapagazi wa Kinyamwezi ambao walibeba pembe walifika Bagamoyo wakiwa hoi." Bila koma, habari ni ya kundi moja tu: waliobeba pembe ndio waliochoka, na wengine hatujaambiwa. Tia koma baada ya "Kinyamwezi" na nyingine baada ya "pembe", na papo hapo wapagazi wote wana pembe mabegani. Hilo si kweli, kwani misafara ilikuwa pia na wabeba vyakula, mahema na vyombo vya kupikia. Historia imepotoka wala hakuna neno lililoguswa. Kiingereza kina kanuni hiyohiyo. Wanafunzi wetu huikariri kwa ajili ya mtihani, kisha huiacha wanapoandika Kiswahili, wakiamini koma ni pumzi tu. Lakini "Livingstone, ambaye alikaa Kwihara mwaka 1872" hudai koma hata kwa msomaji mwenye pumzi ndefu, kwa sababu huyo Livingstone ni mmoja na hahitaji kutofautishwa na wenzake. Kwa viunganishi, taabu kubwa iko kwenye "na", yenye kazi mbili. "Stanley aliagana na Livingstone na wapagazi wakashika njia ya pwani": msomaji huwaweka wapagazi upande wa Livingstone mpaka akutane na "wakashika", ndipo arudi nyuma kusoma upya. Koma kabla ya "na" ya pili ingemwokoa.

Yupo atakayesema kwamba Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi Tabora, aliandika maisha yake kwa hati ya Kiarabu, ambayo kwa desturi ya wakati ule haikutumia koma, na bado alieleweka. Koma za toleo la herufi za Kirumi la Heinrich Brode, lililoanza kuchapishwa mwaka 1902, ni za mhariri. Hoja hii ni nzito. Ila simulizi za namna ile hupangwa na vitenzi vyenyewe: akaenda, akafika, akauza, na kila kitenzi huonyesha jambo jipya linapoanzia. Ripoti na vitabu vyetu vya shule havisimulii hivyo. Hurundika "ambao" na "ambayo" katika sentensi moja. Asiyetaka koma aandike "waliobeba pembe", umbo ambalo mara nyingi hulishika jina kwa karibu zaidi. Akichagua "ambao", aamue kwanza kama anawataja wapagazi wote au baadhi yao.