Ovaloki katika Chumba cha Ushonaji: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuiomba

Katika maombi yanayofika ofisini kwetu kutoka vikundi vya ushonaji vya parokia, kifaa kimoja hutajwa mara kwa mara: mashine ya ovaloki. Wahisani nao hutuuliza ni kitu gani hicho, na kwa nini kikundi chenye vyerehani vinne kinataka mashine nyingine. Tumeona vema tueleze hapa, hasa kwa upande wa mablanketi ya viraka na vitu vya nyumbani, kwa sababu huko ndiko vikundi vyetu vingi vinakoelekea, na huko ndiko sisi wenyewe tulikokosea.

Cherehani cha kawaida hushona kwa nyuzi mbili, wa juu na wa bobini. Ovaloki haina bobini. Inatumia nyuzi tatu au nne kutoka kwenye koni, sindano moja au mbili, na kulabu mbili ambazo mafundi huziita lupa. Lupa hizo hupishana zikiuzungusha uzi kwenye ukingo wa kitambaa, na mbele ya sindano kuna kisu kinachopunguza ukingo kabla haujashonwa. Hivyo kwa safari moja mashine inakata, inaunganisha na kuzuia kitambaa kisichanue nyuzi. Ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1881 huko Connecticut, Marekani, katika kiwanda cha ukoo wa Merrow, nayo ilikusudiwa viwanda. Ndogo za kutumia nyumbani zilianza Japani katika miaka ya 1960, na hata hizo hupiga mishono zaidi ya 1,000 kwa dakika.

Lakini kuna kazi nyingi ambazo haiwezi. Haitoboi vifungo, haibandiki mfuko, wala haiwezi kuanzia katikati ya kitambaa. Kazi yake ni ukingoni tu. Kikundi kinachoomba ovaloki badala ya cherehani kimekosea hesabu. Hii ni mashine ya pili, si ya kwanza.

Sasa tuje kwenye blanketi la viraka. Watu wa pwani wana jina la zamani la blanketi la kutandika lenye matabaka, mfarishi, nasi tutalitumia. Baadhi ya wasomaji wameiona mifarishi ya viraka inayoshonwa na makanisa ya Marekani kwa ajili ya Lutheran World Relief, yenye kipimo cha inchi 60 kwa 80. Ni kipimo kizuri cha kujifunzia. Ukikata viraka vya mraba vya inchi 5 na nusu, kila kimoja kinabaki inchi 5 baada ya kushonwa, na mfarishi mzima unahitaji viraka 12 kwa upana na 16 kwa urefu, yaani 192. Vipande vya kitenge, khanga na pamba vinavyobaki kwa mafundi vinafaa sana. Vifuliwe kwanza, maana kitambaa kipya hurudi na vingine huchuja rangi.

Hapo ndipo tulipopata somo letu. Katika mafunzo yetu ya kwanza, akina mama wawili walipokezana mashine, mmoja akishona safu hii na mwingine ile. Tulipoziweka safu mbili pamoja, moja ilikuwa fupi kwa karibu inchi 3. Viraka vyote vilikatwa kwa kadibodi moja, kwa hiyo kila mtu alimtazama mwenzake. Sababu ilikuwa kisu. Mama wa kwanza aliacha ukingo uguse kisu tu. Wa pili alikiruhusu kila mara kinyoe milimita 3. Kila mshono una kingo mbili, basi unapoteza milimita 6, na kwa mishono 11 inayounganisha viraka 12 ni milimita 66. Ukikosea kwenye cherehani unafumua na kurudia. Kilichokatwa na kisu hakirudi. Safu zile tulizigeuza mito ya viti.

Dawa yake si ngumu. Bandika kipande cha tepu mbele ya mguu wa mashine kuonyesha mahali ukingo unapopita, kisha mwache kila mshonaji apime vipande vitatu vya majaribio kwa rula kabla ya kugusa kazi yenyewe. Sindano ya kushoto ya ovaloki ya nyuzi nne hushona takriban milimita 6 kutoka ukingoni, ambayo ni robo inchi inayotakiwa. Mishono ya safu ya kwanza ilazwe kwa pasi kuelekea kulia, ya safu ya pili kushoto, ili makutano yasifanye uvimbe. Na pini zote ziwekwe mbali na ukingo. Kisu kikikutana na pini kinapata pengo, na kipande cha chuma kinaweza kuruka usoni.

Uso wa mfarishi ukiisha, ovaloki ipumzike. Chini yake panatandikwa blanketi kuukuu au flaneli, na chini kabisa kitambaa cha mgongo. Matabaka hayo matatu hushikamanishwa kwa cherehani, au kwa kufunga mafundo ya uzi mnene kwenye pembe za viraka, nasi tunapenda mafundo kwa sababu hata asiyejua kushona anaweza kusaidia. Utepe wa pembeni nao ni wa cherehani.

Kwa foronya, mashuka, mapazia na vitambaa vya meza mambo ni mepesi zaidi, na kusema kweli hapo ndipo kikundi kinapopata fedha haraka. Foronya iliyopigwa ovaloki haitoi nyuzi ndani inapofuliwa, na mnunuzi huigeuza kwanza kuangalia. Tahadhari moja tu: ile ndogo ya nyuzi tatu inayoonekana kwa mafundi wengi sokoni ni ya kulinda ukingo. Ukiunganisha kitambaa cha pamba kwa mshono wake peke yake, ukiuvuta unaonyesha meno. Shona kwanza kwa cherehani, kisha pitisha ovaloki.

Jambo ambalo halionekani kwenye maombi ni uzi. Cherehani hutumia takriban mita 2 na nusu hadi 3 za uzi kwa kila mita ya mshono. Ovaloki ya nyuzi tatu hutumia kama mita 14, na ya nyuzi nne kama 18. Uso wa mfarishi tulioueleza una mita 47 hivi za mshono. Kwa cherehani ni mita 140 za uzi kwa wingi. Kwa ovaloki ya nyuzi nne ni karibu mita 850, bila kuhesabu unaobaki mwishoni mwa kila safu. Anayepanga bei ya kuuzia bila hesabu hiyo anawauzia watu jasho lake bure.

Pia kuna kutunga uzi. Mashine moja tuliyoipeleka sisi wenyewe ilikaa miezi chini ya kitambaa, kwa sababu uzi wa lupa ya chini ulikatika wiki ya kwanza na hakuna aliyefundishwa kuurudisha. Kosa lilikuwa letu, si la kikundi. Utaratibu wa kawaida ni lupa ya juu, lupa ya chini, kisha sindano. Ukibadilisha rangi, usichomoe kitu: kata uzi karibu na koni, funga mpya kwa fundo dogo, legeza vibana-uzi na uvute taratibu. Fundo likifika kwenye tundu la sindano, likate hapo na utunge kwa mkono.

Kwa sababu hiyo fomu yetu ya maombi imebadilika. Kamati zitakuta humo nafasi ya kuandika koni za uzi za miezi sita, visu na sindano za akiba, chanzo cha umeme, na majina ya washonaji wawili watakaokuja kwa mafunzo ya siku tatu kabla mashine haijatoka ofisini. Wahisani watakaochangia ovaloki wataona gharama hizo zimejumlishwa na bei ya mashine.