Kinga ya Kompyuta Kuukuu Inapokoma Kufanya Kazi



Hivi karibuni alifika kituoni kwetu mama mmoja, mweka hazina wa kikundi cha akiba katika mtaa mmoja wa Kampala, akiwa na daftari la hesabu mkononi. Kwa miezi kadhaa kompyuta ya nyumbani kwake, inayotumiwa na familia nzima, ilikuwa ikionyesha ngao nyekundu pembeni mwa skrini. Programu ya kukinga virusi ilikuwa imekoma kujisasisha, naye akaizoea alama hiyo kama mtu anavyozoea ufa ukutani. Siku moja likazuka dirisha kubwa lililodai kwamba virusi vimeivamia kompyuta, likatoa na namba ya simu ya "fundi". Akapiga. Sauti ya upole ikamwelekeza apakue programu ya kumwezesha fundi huyo kuiendesha kompyuta akiwa mbali. Kabla jua halijatua, akiba ya wanachama ilikuwa imehamishwa kutoka benki.

Hatulitaji jambo hili kwa kumlaumu. Nyumba nyingi zina kompyuta ya umri kama ile, na katika nyingi kinga imekufa bila mwenye nyumba kujua sababu. Aghalabu sababu hizo ni chache, na mtu asiye fundi anaweza kuzichunguza mwenyewe, moja baada ya nyingine.

Tuanze na saa

Jambo la kwanza la kutazama ni tarehe iliyo pembeni mwa skrini. Ndani ya kompyuta nyingi mna betri ndogo ya mviringo kama sarafu, aghalabu yenye alama CR2032, ambayo huendesha saa wakati umeme umezimwa. Baada ya miaka kadhaa betri hiyo huisha, na kila kompyuta inapowashwa tarehe hurudi nyuma miaka mingi.

Je, tarehe ina uhusiano gani na virusi? Programu ya kinga inapokwenda kwenye intaneti kuchukua masasisho, huonyeshwa hati ya utambulisho yenye siku ya kuanza na siku ya kwisha. Kompyuta inayodhani kwamba tungali mwaka 2009 huiona hati hiyo kuwa haijaanza kutumika, ikaikataa. Ni kama askari wa barabarani anayekagua leseni za udereva kwa kalenda ya zamani: atawazuia hata madereva wasio na kosa. Rekebisha tarehe, mwaka na saa, kisha jaribu kusasisha tena. Ikiwa tarehe inaharibika kila unapozima mashine, mwombe fundi abadilishe betri. Ni kazi ndogo na betri yenyewe ni ya bei nafuu.

Nafasi, bando na leseni

Programu ya kinga hutambua virusi kwa kutumia orodha ya alama zake, nayo huongezwa kila siku. Diski ikijaa, orodha mpya haina pa kuwekwa. Ondoa filamu na programu zisizotumika mpaka nafasi ya kutosha ipatikane. Gigabaiti 10 zilizo wazi ni kiasi cha kuridhisha. Lakini ukisikia diski ikigongagonga, au faili zikipotea zenyewe, acha mengine yote na unakili kwanza nyaraka zako muhimu mahali pengine, kwani diski hiyo inakaribia kufa.

Wengine huzima masasisho ili kuokoa bando. Twaelewa gharama zilivyo. Hata hivyo, kinga ambayo haijasasishwa kwa miezi sita haitambui hila mpya. Ikiwa huwezi kuacha masasisho yajiendeshe, tenga angalau siku moja kila wiki ya kuyapakua, na ufanye hivyo pia kabla ya kufungua akaunti ya benki.

Kagua vilevile kama leseni ya programu imekwisha. Jihadhari na zile programu za "kufungua leseni bure" zinazopitishwa kwa flashi. Nyingi humtaka mtumiaji azime kinga kwanza, na mgeni anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia hana nia njema.

Mafahali wawili zizi moja

Mtu aliyeona programu moja imeshindwa hupakia ya pili juu yake, akidhani walinzi wawili ni bora kuliko mmoja. Kila mojawapo hutaka kuwa ya kwanza kukagua kila faili, na huenda ikamshuku mwenziwe. Matokeo yake kompyuta yenye kumbukumbu ndogo, tuseme gigabaiti 2, huganda na kuzimika. Ondoa programu moja kabisa, washa mashine upya, ndipo uitegemee iliyobaki. Windows 8 na matoleo yaliyofuata yana kinga yake ya kuzaliwa nayo, na kwa nyumba nyingi hiyo hutosha maadamu inasasishwa.

Mfumo uliostaafu

Kinga haiwezi kuwa imara kuliko mfumo unaoibeba. Kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 8.1 tarehe 10 Januari 2023. Huduma ya kawaida ya Windows 10 nayo ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Baada ya siku hizo mianya inayogunduliwa haizibwi kama zamani, na watengenezaji wengi wa programu za kinga huacha pia kuzihudumia mashine hizo.

Mwezi Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilifunga faili za kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Dawa ya mwanya vilimopitia ilikuwa imetolewa mwezi Machi mwaka huohuo. Walioumia walikuwa hasa wale ambao hawakuwa wameipakia.

Ikiwa kompyuta yako haiwezi kubeba Windows mpya, mwombe fundi unayemfahamu aipakie Linux, mfumo usiolipiwa ambao baadhi ya matoleo yake hutembea vizuri kwenye mashine dhaifu. Hilo lisipowezekana, itumie kwa kuandika tu, wala usiitumie kwa benki au nyaraka za watu wengine.

Iwapo adui yumo ndani

Yawezekana tarehe ni sahihi, nafasi ipo na leseni ni hai, lakini kinga inakataa kufunguka, au tovuti za kingavirusi peke yake ndizo zisizofunguka. Hiyo ni dalili kwamba virusi vimekwisha kuingia na vimemfunga mlinzi kamba. Katika Windows 10 na 11 kuna ukaguzi unaofanyika kabla mfumo haujaamka, ndani ya sehemu ya usalama wa Windows. Huchukua takriban dakika 15, na virusi haviwi na nafasi ya kujificha. Kwa mashine nyingine, fundi anaweza kutengeneza flashi ya uokoaji kwenye kompyuta safi. Yote yakishindikana, nakili nyaraka, futa diski, na upakie mfumo upya. Nyaraka hizo zikaguliwe kabla ya kufunguliwa.

Lini uje kwetu

Kompyuta iliyoharibika ni kazi ya fundi. Lakini kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini na kutapeli kwa njia ya kielektroniki ni makosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011. Ukiona fedha zimehamishwa, au umetishiwa na kudaiwa fidia, katisha intaneti mara moja. Piga simu benki au kampuni ya simu ili wazuie akaunti, kwa namba uliyo nayo kwenye kadi au nyaraka zao, si ile iliyotokea kwenye skrini. Badilisha nywila zako kwa kutumia kifaa kingine. Kisha ufike kituo cha polisi kilicho karibu ukiwa na picha ya skrini, namba zilizokupigia, ujumbe wote na saa yaliyotokea hayo. Tafadhali usiifute kompyuta kabla hatujaiona, kwa kuwa ndiyo shahidi wetu.

Mama yule alikuwa ameihifadhi namba aliyoipiga, na kompyuta yake aliileta kama ilivyokuwa. Hapo ndipo uchunguzi wetu ulipoanzia, nao ungali unaendelea.

Tunawaomba leo jioni, kabla ya kufanya jambo jingine lolote kwenye kompyuta ya nyumbani, mtazame mambo mawili: tarehe, na rangi ya ile ngao. Ikiwa ni nyekundu, msiizoee.