Nguzo na Udongo

Wanangu wa Mibirizi, mmeniuliza: ukuta wa udongo unawezaje kubeba paa? Swali zuri hilo! Wakubwa wengi hupita tu bila kuuliza.

Basi sikilizeni. Udongo haubebi paa. Kinachobeba ni nguzo.

Siku moja udongo ulijigamba: "Nyumba ni mimi! Kila apitaye ananiona mimi." Nguzo ya mkaratusi ikajibu, "Ngoja mvua."

Masika yakaja. Mvua ikapiga ukuta usiku kucha. Udongo ukaloa, ukabanduka. Je, nyumba ilianguka? Haikuanguka! Fito zilibaki zimefungwa, nguzo zilibaki wima, na paa lilibaki juu. "Haya, nani amebeba?" nguzo ikauliza. Udongo kimya.

"Mjomba, udongo hauna kazi basi?" Unayo, tena kubwa! Nguzo bila udongo ni mifupa bila nyama. Baridi ingeingia, upepo ungeingia, hata mbuzi angeingia.

"Fundi huanzaje?" Huchimbia nguzo. Hulaza fito pande zote mbili na kuzifunga kwa kamba za mgomba. Kisha udongo uliokanyagwa kwa miguu mpaka ukalainika hujazwa katikati, na ukuta hukandikwa kwa mikono. Usogelee ukuta mkavu, utaona alama za vidole vya aliyekandika. Mimi huzipenda sana.

"Na Wazungu walijenga hivi?" Enhe! Huko Shottery, Uingereza, ipo nyumba alikokulia Anne Hathaway, mke wa Shakespeare. Sehemu yake kongwe ni ya karne ya 15. Misheni yetu hapa Mibirizi ilianzishwa mwaka 1903, na wakati huo nyumba ile ilikuwa tayari na zaidi ya miaka 400! Nguzo zake ni za mti wa mwaloni, paa lake ni la nyasi. Mafundi wa kule waliunganisha mbao kwa vigingi vya mti. Katikati walisuka fito, wakakandika udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi ya ng'ombe.

"Mbona yao imedumu hivyo?" Mwaloni ni mgumu. Tena fundi wa kule aliikalisha nguzo juu ya msingi wa mawe. Yetu huchimbiwa ardhini, na huko chini kuna unyevu na mchwa. Nguzo huanza kufa mguuni, wanangu.

Kwa hiyo mkiona udongo umebanduka chini ya ukuta, msingoje. Waambieni wazazi, kanyageni udongo mpya, mkandike kabla maji hayajaifikia nguzo.