Nguvu na Uhai wa Maporomoko ya Kihansi

Mwanafunzi wa Mamboya atazamapo kijito kikiteremka milima ya Ukaguru na akumbuke kanuni hii: nishati ya maji yaangukayo hutegemea uzito wao na kimo cha anguko. Kusini zaidi, katika milima ya Udzungwa, maji ya mto Kihansi hushuka mita zipatazo 850 hadi kwenye mitambo ya umeme. Kila mita moja ya ujazo hubeba jouli zaidi ya milioni 8.

Mwaka 2000 maji mengi yaligeuzwa njia, na manyunyu ya maporomoko yakapungua. Chura wa Kihansi, asiyepatikana kwingine duniani, aliishi kwa manyunyu hayo. Akiandamwa pia na ugonjwa wa ukungu, mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Vizazi vilivyotunzwa Marekani vilianza kurejeshwa mwaka 2012, penye manyunyu yanayotengenezwa kwa mabomba.

Basi, tupimapo nguvu ya maporomoko, tupime pia uhai uyategemeao.