Magurudumu ya Trela ya Shamba

Jirani yangu mmoja alipakia magunia 24 ya viazi katika trela yake ili ayapeleke Ol Kalou. Hakufika. Penye mteremko gurudumu la kushoto lilichomoka pamoja na habu yake, likaipita pikapu iliyokuwa ikivuta, likaingia katika shamba la njegere. Wakati ule watoto walikuwa wamekwisha kuingia madarasani. Nusu saa kabla yake njia ile hujaa watoto. Viazi vilimwagika vikachubuka, na mnunuzi akavikataa.

Waliokuja kutazama walisema ni bahati mbaya. Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, si fundi wa magari, lakini nilikaa karibu na fundi alipokuwa akiifungua ekseli ile. Niliona beringi kavu, nyekundu kwa kutu, na matairi ya gari dogo yaliyobebeshwa mzigo usio wao.

Tuanze na hesabu, kwa maana nilisomea ualimu na mazoea hayo hayajanitoka. Kwa sheria gunia la viazi halipasi kuzidi kilo 50. Basi magunia 24 ni kilo 1,200. Trela tupu ilikuwa na uzito wa kilo 350 hivi. Jumla ni kilo 1,550, na magurudumu ni mawili. Kila tairi lilibeba karibu kilo 775. Sasa tazama ubavuni mwa tairi. Baada ya kipimo cha ukubwa utaona namba ya mzigo. Namba 91, ambayo ni ya kawaida katika magari madogo, maana yake ni kilo 615 na basi. Tairi la 185R14C, ambalo herufi C huonyesha kuwa ni la magari ya mizigo, mara nyingi huandikwa 102/100. Namba ya kwanza ni ya gurudumu lililo peke yake, nayo ni kilo 850. Hilo ndilo lililofaa trela ile.

Lakini tairi la mizigo halina nguvu hiyo bila upepo wake. Hili la 185R14C hubeba kilo 850 likiwa limejazwa ratili 65 kwa inchi mraba. Kijana wa kituo cha petroli asipoambiwa atatia 30, kama desturi ya gari dogo. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni, hupata moto, kisha hupasuka. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi.

Anayenunua matairi yaliyokwisha kutumika asitazame meno peke yake. Tafuta namba nne zilizo mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Trela hukaa juani miezi mingi bila kazi, na mpira hupasuka-pasuka kwa uzee hata kama meno ni mazima. Lililopita miaka kumi liache hapo hapo dukani, ujapoambiwa bei ni ya bure. Tena matairi mawili ya ekseli moja yawe ya namna moja na ukubwa mmoja. Mwenye kuvuta kwa trekta aweza kutumia matairi ya vyombo vya shamba, lakini yenye alama A8 hayakuumbwa kupita mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Haifai kuyakimbiza barabara ya lami nyuma ya pikapu.

Sasa ekseli. Kila habu ina beringi mbili, kubwa ya ndani na ndogo ya nje. Kabla ya kila mavuno zuia gurudumu moja kwa mawe, inua la pili kwa jeki, na uweke kigogo imara chini ya ekseli. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, au likizungushwa likatoa sauti ya kusaga, fungua.

Osha beringi kwa mafuta ya taa, zikaushe, uzitazame kwenye mwanga. Iliyo na vishimo au rangi ya buluu ya kuungua itupwe pamoja na kikombe chake. Beringi mpya katika kikombe cha zamani haidumu. Weka grisi ya beringi za magurudumu katika kiganja, usukume beringi ndani yake mpaka grisi itokee upande wa pili. Kuipaka juu juu ni kujidanganya. Sili ya nyuma iwe mpya. Kaza nati huku ukizungusha gurudumu mpaka liwe zito kidogo, kisha ilegeze karibu robo ya mzunguko, utie pini mpya. Jirani yangu alikuwa ametia msumari mahali pa pini.

Ikiwa matairi yanalika upande mmoja, huenda ekseli imepinda. Pima nafasi kati ya matairi mawili kwa mbele na kwa nyuma, usawa wa habu. Vipimo visipolingana, mpelekee fundi.

Trela ikivuka mto na maji yakafika habu, usingoje mavuno: fungua wiki ile ile. Na siku ya safari ya kwanza baada ya kazi hii, simama baada ya kilomita 10, kaza nati za magurudumu tena, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na kila habu. Ikiwa na joto kidogo si kitu. Ikiwa huwezi kuacha mkono hapo, nati ya beringi imekazwa mno. Ngoja ipoe, uilegeze kabla ya kuendelea.