Kipya Kinyemi, Lakini cha Kale Kiko Wapi?

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hiyo hutujia akilini kila tuufikiriapo mkasa wa mnyama mmoja wa kubuniwa, Crash Bandicoot, ambaye vijana wengi wa miaka ya tisini walimfahamu vema kuliko walivyowafahamu baadhi ya jamaa zao. Yamkini wako wasomaji watakaoona ajabu kwa gazeti kuitoa safu hii kwa ajili ya mchezo wa video. Twawaomba wavumilie kidogo, kwani jambo lenyewe si la kitoto.

Crash alizaliwa mwaka 1996 mikononi mwa kampuni ya Marekani iitwayo Naughty Dog, iliyoanzishwa na Andy Gavin na Jason Rubin, marafiki wawili ambao walianza kutunga michezo tangu wangali wanafunzi. Siku hizo makampuni makubwa ya michezo yalikuwa na wahusika wao wa kuyabebea bendera. Nintendo walikuwa na Mario, fundi bomba mwenye masharubu. Sega walikuwa na Sonic, kalunguyeye wa rangi ya buluu. Sony, ambao mashine yao ya PlayStation ilikuwa ingali changa, walimpata Crash: mnyama mwekundu kama chungwa lililoiva, avaaye suruali na viatu, aliyepewa jina la mnyama mdogo wa Australia abebaye watoto wake mfukoni. Ingawa watu wengi walimdhania kuwa ni wa Sony, haki za kummiliki zilikuwa za kampuni nyingine, Universal. Jambo hilo yafaa likumbukwe, maana tutalirudia.

Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi kueleza na mgumu kucheza. Mchezaji alimkimbiza Crash katika njia nyembamba za msituni, akaruka mashimo, akavunja masanduku kwa kuzunguka kama pia, akaokota matunda, na akaanguka mara nyingi kabla hajafika mwisho. Wa pili ulifuata mwaka 1997 na wa tatu mwaka 1998.

Kilichowavutia watoto kwa rangi na vichekesho kilikuwa, kwa upande wa ufundi, kazi ya kustahiwa. PlayStation ya wakati ule ilikuwa na kumbukumbu kuu ya megabaiti 2 tu, kiasi kisichotosha leo kuhifadhi hata picha moja nzuri ya simu. Watungaji wakabuni njia ya kuichota mandhari kutoka kwenye diski kipande kwa kipande, kadiri Crash alivyokuwa akisonga mbele. Wakaunda hata lugha yao wenyewe ya kuandikia mienendo ya viumbe wa mchezo. Umbo la Crash waliliunda kwa vipande 512 tu, na bado akaweza kushangaa, kucheka na kuogopa. Huo ndio ufundi wa kweli: kupata kingi katika kichache.

Miaka ikapita. Ndipo tarehe 30 Juni 2017 michezo hiyo mitatu ikarudi sokoni pamoja, kwa jina la Crash Bandicoot N. Sane Trilogy, ikiwa imeundwa upya kwa ajili ya PlayStation 4. Kazi hiyo ilifanywa na kampuni ya Vicarious Visions ya Albany, katika jimbo la New York, chini ya Activision. Hatuna budi kuisifu. Majani yalionekana kama majani, maji kama maji, na manyoya ya Crash yakawa manyoya. Mwezi Julai mwaka huohuo waundaji wakaongeza hatua iliyoitwa Stormy Ascent, ambayo watungaji wa kwanza waliiacha mwaka 1996 kwa kuwa ilikuwa ngumu kupita kiasi. Hatua hiyo ilikuwa imelala ndani ya diski za zamani muda wote huo, wakiijua wapenzi wachache tu wa mchezo.

Lakini wachezaji wa zamani walipoketi kucheza, wengi wao waligundua jambo. Macho yalikubali kila kitu, mikono ikakataa. Penye daraja la mbao zilizooza, kati ya ukungu, walibonyeza kitufe kwa wakati uleule waliouzoea tangu utotoni, na Crash akatumbukia. Waliochunguza wakaeleza kwamba katika mchezo mpya umbo la chini la Crash limeviringwa kama kidonge, hata akigusa ukingo huteleza badala ya kusimama. Waundaji wenyewe walikiri kwamba mwendo wa Crash katika michezo yote mitatu waliufuatisha na ule wa mchezo wa tatu, na kwamba kwa sababu hiyo mirukio ya mchezo wa kwanza ilidai uangalifu zaidi.

Kwa nini hawakunakili mruko wa awali kama ulivyokuwa? Jibu ni la kusikitisha. Vicarious Visions hawakuwa na maandishi ya programu ya mwaka 1996, yaani yale maagizo ambayo mtungaji humwandikia mashine ili ijue la kufanya. Walichopewa ni maumbo ya mandhari, tena katika mfumo wa kizamani uliowabidi waufumbue kwanza. Mengine yote waliyapata kwa kuucheza mchezo wa zamani, kuutazama na kuupima. Mfano wake ni wa fundi aliyeombwa kujenga upya jumba kwa kuliangalia kutoka barabarani, ramani isipatikane.

Sisi hatuwalaumu mafundi hao, twaulaumu utaratibu. Naughty Dog walinunuliwa na Sony mwaka 2001. Crash mwenyewe alitoka Universal akaingia milki ya Vivendi, akafika Activision mwaka 2008, na mwezi Oktoba 2023 akaingia Microsoft pamoja na mali zote za Activision. Hivyo waliomlea wamo nyumba moja, naye yumo nyingine. Hata Vicarious Visions hawakusalimika: mwaka 2021 waliunganishwa na Blizzard, na mwaka uliofuata jina lao likafutwa. Katika kuhamahama kote huko mikataba ilitunzwa vizuri. Kazi za mikono ya watu je, nani alikabidhiwa azitunze?

Wala Crash si yatima peke yake. Tena yeye ana bahati, kwa kuwa jina lake bado linauza. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilitoa uchunguzi ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya video iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena madukani. Maktaba ziliomba ruhusa ya kuwawezesha watafiti kuifikia michezo hiyo wakiwa mbali, na mwezi Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ikakataa, baada ya wawakilishi wa makampuni kulipinga ombi hilo. Hoja yao ilikuwa kwamba michezo ingechezwa kwa starehe tu na soko la matoleo mapya likadhurika.

Hoja hiyo tumeipima. Mwenye mali ana haki ya kufaidi jasho lake, na hakuna atakayetaka mafundi wafe njaa ili watafiti washibe. Lakini toleo jipya haliwezi kuwa shahidi wa lile la kale. Aliyecheza mchezo wa mwaka 2017 amekutana na kazi njema ya mafundi wa Albany. Hajakutana na ile hesabu ya megabaiti 2, wala na mruko uliowafunza vijana wa miaka ya tisini subira. Na kama diski za zamani zingetupwa zote, ni nani angejua kwamba Stormy Ascent iliwahi kuwapo?

Kwa hiyo, twashauri mambo mawili. Kwanza, makampuni yaweke maandishi ya programu na nakala za awali katika amana ya maktaba zinazoaminika, hata kwa masharti ya kutofunguliwa mpaka muda fulani upite. Pili, sheria iwatambue watafiti wa michezo kama inavyowatambua watafiti wa vitabu na filamu. Hayo hayatamwondolea mfanyabiashara hata senti moja ya toleo jipya. Huenda yakampunguzia gharama siku atakapotaka kuunda jingine.

Crash amerudi, nasi twafurahi pamoja na waliompenda. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Msala huu mpya ni mzuri, nao siku moja utapita, maana mashine zake nazo zitazeeka. Siku hiyo ikifika, atakayetaka kuufuma tena asikute, kama walivyokuta wa Albany, kwamba mbacha wa kwanza haukuwekwa na mtu.